Spika Iliyopimwa kwa Ndoo

Mtu aendaye dukani kununua spika hachukui ndoo. Lakini asubuhi ile Nguzo alitoka kwake na gitaa la besi begani na ndoo ndogo ya bluu mkononi, hata jirani aliyekuwa akifagia mlangoni akashindwa kuuzuia ulimi wake.

"Kumbe siku hizi muziki mnauteka kisimani?"

"Tunauteka," akajibu Nguzo, "ila kamba yangu ndiyo imelika."

Akapita zake, mgongo ameuweka wima kama aliyejitwika mtungi usioonekana. Mgongo huo ndio uliozua yote. Wenzake wa bendi walimwita Nguzo kwa sababu miaka yote alisimama nyuma ya waimbaji bila kuyumba wala kujionyesha, na paa zima la muziki wao likamwegemea. Nguzo nayo huliwa na mchwa kimyakimya. Siku alipokuwa akiipandisha ngazi spika yake kuukuu, ile ambayo bendi iliibatiza jina la Tembo, alisikia kiunoni mlio kama wa ukuni mkavu uvunjwao gotini, akakaa chini palepale na hakuweza kuinuka.

Daktari wa mifupa alimpima, akamgeuzageuza, kisha akasema maneno machache. Asisimame muda mrefu. Asinyanyue tena kitu kizito kuliko ndoo ndogo ya maji.

Nguzo aliyasikia maneno hayo kwa sikio moja. Mkewe, aliyekuwa amekaa kando yake, aliyasikia kwa yote mawili. Naye alikuwa mshonaji, na mshonaji hakadirii kwa macho. Walipofika nyumbani aliingia uani, akatoka na ile ndoo ya bluu, akaiweka mbele ya mumewe kama kadhi awekaye msahafu.

"Daktari kasema ndoo ndogo. Ndogo tuliyo nayo ni hii. Ukipata spika isiyoizidi hii ikijaa maji, inunue, sitatia neno. Ukikosa, gitaa tulitundike ukutani tuwe tunalitazama. Tumeelewana, baba watoto?"

"Tumeelewana."

"Sema inshallah."

"Inshallah."

Alipokwisha kulitamka ndipo alipoitazama vizuri ile ndoo, akaona kuwa mkewe hakuichagua kwa bahati. Zilikuwako nyingine kubwa kuliko hiyo zilizostahili bado kuitwa ndogo. Hakumlaumu. Mke aliyemkanda mumewe kiuno kwa mafuta ya moto wiki nzima ana haki ya kuchagua ndoo. Tena mkewe hakuwa adui wa muziki, ila tangu ujana wao lilikuwapo jambo moja lililomtatiza.

"Waimbaji nawasikia," alizoea kusema. "Ngoma naisikia. Wewe nakuona vidole tu vinakwenda. Hivi hasa unapiga nini?"

"Besi ni kama chumvi, mke wangu. Utaijua siku isipokuwepo."

"Basi harusi moja kaa nyumbani, niijue."

Swali hilo lilikuwa la mzaha, na kwa kuwa lilikuwa la mzaha halikupata kujibiwa.

Mtu anaweza kuuliza: kwani bendi nzima haina mikono ya kumbebea mwenzao spika? Mikono ilikuwepo. Kilichozuia ni sheria, na aliyeitunga sheria ni Nguzo mwenyewe. Zamani, mwimbaji wao aitwaye Kasuku alipojiunga nao, alikuwa akifika kumbini mikono mitupu na marafiki wawili nyuma wamembebea kipaza sauti na kinara cha kukisimamishia. Nguzo akakerwa. Akasimama mbele ya wote akasema, "Katika bendi hii, apigaye ndiye abebaye." Wale marafiki akawarudisha makwao. Kasuku akanuna mwezi mzima, kisha akajifunza kubeba, na tangu hapo hajawahi kukitua kinara chake mkononi mwa mtu. Sasa sheria ilikuwa imemrudia mwenyewe, na harusi waliyotakiwa kupiga Jumamosi ilikuwa katika ukumbi wa ghorofani.

Ndiyo sababu Nguzo aliingia dukani na ndoo.

Duka lilikuwa refu na jembamba, limejaa vinanda, nyaya na harufu ya gundi mpya. Mwenye duka, mwanamke wa makamo mwenye miwani aliyoisahau juu ya kichwa, alikuwa akinywa chai. Akamtazama mteja, akaitazama ndoo, akakirudisha kikombe mezani.

"Karibu, baba. Hapa hatuuzi maji."

"Najua, mama. Nimekuja na mizani yangu."

Akamweleza habari ya daktari, na ya mkewe. Mwenye duka akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini kila spika ina karatasi nyuma, uzito wake umeandikwa."

"Mke wangu anasema karatasi haina mgongo."

Yule mama akacheka mpaka miwani ikamshukia puani, na hapo ndipo alipokumbuka ilipokuwa. Akaichukua ndoo kwa mikono yake, akaenda kuijaza kwenye bomba nyuma ya duka, akarudi nayo ikimwagika kidogo kidogo sakafuni. "Haya. Tuanze hukumu."

Utaratibu ulikuwa rahisi. Nguzo huinyanyua ndoo kwa mkono wa kulia, huitua. Kisha huinyanyua spika kwa mkono uleule, huku amefumba macho, asije akadanganywa na ukubwa.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye koni mbili, nzuri kama kabati la bibi harusi. Haikuachana na sakafu hata unene wa kidole kabla kiuno hakijasema neno. "Hapana," akasema Nguzo. "Huyu ni ndugu yake Tembo, baba mmoja mama mmoja."

Ya pili ilikuwa ndogo kiasi cha kuingia kwapani. Ndoo iliishinda kwa mbali, naye akafurahi. Akatoa kwenye mfuko wa gitaa amplifaya yake ya kukuzia sauti, ndogo kama kitabu, akaiunganisha, akapiga uzi wa juu, ukalia vyema. Akashuka kwenye uzi mnene. Sauti ikatoka kama ya mtu anayesema huku amejifunika blanketi. Alipoongeza nguvu, spika ikakohoa.

"Hii nayo inafaa kwa mazishi ya panya," akasema mwenye duka, akaiondoa asiendelee kuaibika.

Ya tatu ilikuwa na ukubwa wa stuli ya jikoni, imevikwa kitambaa cha kijivu usoni. Nguzo alifumba macho, akasema bismillahi, akavuta. Mkono ukapanda juu kuliko alivyokusudia, kama mtu akanyagaye ngazi isiyokuwepo. Akafumbua macho kwa mshangao.

"Mama, humu ndani mna kitu kweli?"

"Kimo."

"Ni nyepesi kuliko ndoo. Debe tupu haliachi kuvuma, hii itakuwa ni makelele tu."

"Basi livumishe tulisikie."

Akaupiga uzi mnene. Sauti ikashuka, ikatambaa chini ya meza, ikafika kwenye kikombe cha chai, na kijiko kikalia. Nguzo akasita. Akapiga tena, akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameamini maisha yake yote kuwa sauti nzito hukaa ndani ya kitu kizito, kama maji yakaavyo mtungini. Na kwamba Tembo alinguruma kwa sababu ya uzito wake, na maumivu ya kumbeba ndiyo kodi ya ngurumo. Sasa imani hiyo ilitikisika mbele yake katika kikombe cha mtu mwingine.

"Inatoka wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesahau kuwa amekuja kununua.

Mwenye duka naye alikuwa mtu wa kupenda kufungua vitu. Akaleta bisibisi, akakitoa kile kitambaa cha kijivu, kisha akaitoa koni yenyewe, akaigeuza. Nguzo aliijua sumaku ya Tembo: duara pana na nene kama jiwe la kusagia. Hii ilikuwa ndogo kama kikombe cha kahawa.

"Madini yake ni mengine," akasema yule mama. "Kidogo chake kinavuta kama kikubwa cha zamani. Shika bisibisi uone."

Nguzo akaisogeza bisibisi, ikamponyoka mkononi ikarukia sumaku, na wote wawili wakashtuka kama watoto, kisha wakaibandua, wakarudia. Akaingiza mkono ndani ya boksi, akapapasa. Ubao ulikuwa mwembamba, mwepesi, na katikati umeshikizwa kwa vipande vya miti vilivyopishana kama mbavu. Akaugonga kwa kifundo cha kidole kama mtu achaguaye tikiti.

"Subhanallah. Ni mifupa na pumzi tu."

Waliirudisha koni mahali pake, akapiga sauti moja baada ya nyingine, polepole, akipanda na kushuka. Zote zilikuwa safi, isipokuwa moja. Alipoifikia hiyo, ubao wa juu wa boksi ulidakia na kuunguruma kwa namna yake, kama nyigu aliyefungiwa chupani. Akauwekea kiganja ule ubao: nyigu akanyamaza. Akakiondoa kiganja: nyigu akarudi. Akaweka, akaondoa, akaweka tena.

"Ina kigugumizi," akasema, "lakini cha neno moja tu."

"Nani asiye nacho?" akajibu mwenye duka. "Nenda nayo mazoezini, baba. Ukaisikie mahali pako, si pangu. Ikikukataa, irudishe. Ila chai yangu umenipoza, hiyo hutairudisha."

Nguzo akayamwaga maji kwenye mti wa mlangoni, akatia nyaya zake ndani ya ndoo, akaondoka na spika mkono mmoja na ndoo mkono mwingine, kama mizani itembeayo.

Bendi ilifanyia mazoezi katika chumba cha juu ya karakana ya seremala, chenye sakafu ya vigae na madirisha ya vioo vilivyolegea. Kasuku alikuwa amekaa juu ya ngazi na kinara chake magotini, akimsubiri kama mlinzi wa lango. Nguzo akapanda. Hakuhema, hakupumzika, na kila kipandio alikihesabu moyoni kuwa ni hoja dhidi ya ukuta na msumari unaomngoja nyumbani.

"Aisee, Nguzo," akasema Kasuku, "Tembo amezaa sungura?"

"Pisha."

"Napisha. Nataka tu kujua huyo sungura anakula nini, tumchumie."

Ndani, mpwa wake Nguzo, mpiga ngoma, kijana mwenye mabega mapana na moyo mwepesi, alikimbilia kumpokea, akakumbuka sheria, akairudisha mikono nyuma. "Shikamoo, mjomba. Pole na safari."

"Marahaba. Keti, tupige."

Wakaanza. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, na Nguzo akahisi kifua chake kikifunguka. Katika kiitikio, besi hushuka hadi uzi mnene na kubaki hukohuko. Akashuka. Sauti ikakijaza chumba, vioo vikaimba, na spika, kwa wepesi wake na ulaini wa vigae, ikaanza kutetemeka, ikageuka kidogo, kisha ikaanza safari.

"Mjomba!" mpwa akapaza sauti bila kuacha kupiga. "Mgeni wako anakuja kunisalimia!"

Spika ilikuwa imekwisha kutembea hatua nzima, ikaigonga ngoma kubwa mguuni. Kasuku akaacha kuimba, akajishika mbavu. Waliirudisha mahali pake, wakaanza upya. Ikasafiri tena, safari hii kuelekea mlangoni, na yule nyigu wa ubao wa juu akiipigia zumari. Waliiwekea karatasi chini, wakaiwekea kitambaa. Haikujali.

Mpwa akashuka karakanani, akarudi na kipande cha gogo kizito, akakiweka juu ya spika. "Sasa haendi popote."

Ikawa kweli. Haikusogea, na nyigu naye akanyamaza. Nguzo akaanza kushusha pumzi, ila Kasuku hakuwa amemaliza.

"Vizuri sana. Na gogo hilo Jumamosi atalibeba nani?"

"Mimi," akasema mpwa.

"Hulibebi," akasema Kasuku. "Si lako. Wewe unalipiga gogo? Apigaye ndiye abebaye. Au sheria ilikuwa yangu peke yangu?"

Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana lilichoma zaidi. Nguzo alilitazama gogo. Gogo na spika pamoja vilikuwa Tembo, amegawanywa mara mbili tu. Ndoo ilikwisha kuzidiwa. Angeweza kusema neno moja, na sheria ingelegezwa, kwani hakuna miongoni mwao aliyemtakia mabaya. Lakini mtu aliyewarudisha makwao marafiki wa mwenzake atawaitaje wa kwake? Akaona ukuta wa sebuleni. Akaona msumari.

"Liondoeni gogo," akasema. "Nipeni nafasi nifikiri."

Kiuno kilikuwa kimeanza kumkumbusha sharti jingine la daktari, la kutosimama muda mrefu. Akatafuta kiti, viti vilikuwa vimeshushwa kwa seremala kutiwa miguu. Basi akajikalia juu ya spika yenyewe, gitaa mapajani, akainama. Na kama vile vidole vya mcha Mungu viendavyo kwenye tasbihi hata moyo ukiwa mbali, vidole vyake vikaenda kwenye uzi mnene, vikaupiga.

Akainua kichwa.

Sauti haikumjia masikioni. Ilipanda kwa mifupa, ikapita palepale palipouma, ikamfikia kifuani kabla hajajua kuwa ameisikia. Akapiga tena, akaitafuta ile sauti yenye kigugumizi. Ikatoka safi. Akashuka chini kabisa, akakaa huko, akaongeza nguvu, na spika, iliyokuwa msafiri, ikatulia chini yake kama punda aliyemtambua bwana wake.

"Ngoma," akasema, bila kumtazama mtu.

Mpwa akaingia. Kasuku akakichukua kipaza sauti, akakiitikia kiitikio chote, na kingine, na walipomaliza vioo viliendelea kuimba peke yao kidogo. Kasuku akakuna kidevu.

"Sasa hapo nani anambeba nani?"

"Sheria yasema apigaye abebe. Nimebeba, umeniona. Mahali pa kukaa haikutaja."

Kasuku akacheka, na kicheko kilipokwisha akabaki akiuzungushazungusha mkono kwenye kinara chake. "Ungeniambia nibebe, ningebeba."

"Najua," akasema Nguzo. "Ndiyo maana sikukuambia."

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Mkewe alikuwa mbele ya cherehani, pini mdomoni, gauni la mtu limemfunika magoti. Hakuuliza kuhusu spika. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akauliza, "Ndoo imesemaje?"

Nguzo akaijaza maji, akaiweka sakafuni kando ya spika, akarudi nyuma. Mkewe akasimama. Akainyanyua ndoo, akaitua. Akainyanyua spika, akaitua. Akarudia, kwa mkono wa pili, maana mshonaji hupima mara mbili ndipo akate.

"Hewala," akasema hatimaye. Kisha kwa sauti ya chini, "Sikudhani ipo."

"Nilijua hukudhani."

"Hukukasirika?"

"Kwa lipi? Ulichagua ndoo. Ningekuwa mimi ningechagua kikombe."

Akacheka bila kupenda. Nguzo akaziunganisha nyaya, akakaa kitini mwa cherehani na gitaa lake, akaionyesha spika. "Kaa."

"Miye? Nikalie mtambo wa umeme?"

"Haikuumi. Kaa, mke wangu. Umeniuliza swali toka tuoane."

Akakusanya pindo la nguo, akakaa pembeni pembeni, kama mgeni asiyekusudia kukawia. Nguzo akaanza wimbo ambao mkewe aliupenda harusini kuliko zote, akaupiga kwa sauti za chini peke yake, bila mwimbaji na bila ngoma. Mwanzoni mkewe alitazama vidole, kama alivyozoea. Kisha akaacha kuvitazama. Akashika ubao kwa mikono yote miwili.

"Hii naijua," akasema. "Hii huwa inanijia hapa," akajigusa chini ya kifua, "kabla sijainuka kucheza. Siku zote nilidhani ni ngoma."

"Si ngoma."

"Kumbe ni wewe."

Nguzo alikuwa ameufikia uzi mnene. Sakafuni, maji ya ndoo yakaanza kuchora duara, dogo ndani ya kubwa, yakifuata vidole. Mkewe akainama kuyatazama. Bila kuinuka pale alipoketi, akanyoosha mguu, akaivuta ndoo karibu zaidi.

"Rudia hapo," akasema. "Polepole. Nataka nione."